Panga la Bi Mkono

Ukitaka kuona rangi halisi ya mkweo, mwambie panga lake ni chafu. Usiseme kwa kelele wala usiseme mbele za watu. Mwambie taratibu, kwa adabu zote ulizofunzwa kwenu, huku unamwekea kikombe cha chai. Halafu kaa usubiri. Utayasikia utakayoyasikia.

Mama Jiki aliyasikia. Jina hilo hakupewa na wazazi wake; alipewa na majirani kwa sababu ya ndoo aliyoiweka kwenye mlango wa shamba lake la migomba, ndoo ya plastiki yenye maji yaliyochanganywa na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Kila aliyetaka kuingia na panga, kisu au jembe, sharti akichovye chombo chake humo kwanza. Watu walicheka. Walisema mke wa fundi anafua migomba, na wengine wakamwuliza kama na pasi anaipiga. Alicheka nao mdomoni tu. Rohoni alikuwa anaungua, maana ile ndoo hakuiweka kwa kujionyesha. Aliiweka kwa sababu alikuwa anaogopa.

Aliogopa mnyauko. Ulikuwa umeshaingia bondeni, kwenye shamba la jirani aitwaye Mzee Kesho, na aliitwa hivyo kwa kuwa ukimwambia jambo lolote, hata kama ni kwamba nyumba yake inaungua, jibu lake ni hilo moja. Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akawakusanya majirani, akakata shina la mgomba uliokuwa umeanza kuwa njano. Wakaona usaha unatoka polepole pale palipokatwa. Akapasua ndizi iliyoiva kabla ya wakati wake. Ndani ilikuwa ya kahawia, imeoza, haifai hata kwa mnyama. Akawaambia ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyizia. Unasafiri kwa panga. Ukikata mgomba unaougua, ukaenda kukata ulio mzima kwa panga lile lile, umeuchanja maradhi kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo panga lichovywe kwenye jiki au lipitishwe motoni, na migomba iliyougua ing'olewe na mizizi yake yote, leo hii.

"Kesho," alisema Mzee Kesho. "Kesho asubuhi na mapema naanza."

Mama Jiki alirudi nyumbani, akapitia shambani kwake kwanza. Shamba lake halikuwa kubwa, lakini ndilo lililokuwa limeishika nyumba isianguke. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na umeme ukikatika, nao ulikatika ulivyotaka, fundi alishinda amekaa kwenye benchi anatazama barabara. Siku hizo watoto walikula ndizi, sabuni ilitoka kwenye ndizi, madaftari yalitoka kwenye ndizi. Kila shimo alilichimba yeye. Tangu aolewe, kila kitu alichokigusa katika ua ule kilikuwa cha mtu mwingine, isipokuwa migomba ile. Angeipoteza, asingejua aanzie wapi.

Sasa tatizo halikuwa majirani. Jirani unaweza kumfungia mlango. Tatizo lilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe aliitwa Bi Mkono kwa sababu watu waliamini kwamba migomba inaupenda mkono wake, na Mama Jiki mwenyewe, kabla ya habari za mnyauko, aliamini vivyo hivyo. Alipopita Bi Mkono, mikungu ilishuka mizito. Alijua chipukizi lipi liachwe na lipi liondolewe, na jani lipi limekaa pale kula bure. Basi kila asubuhi, akishamaliza chai, alijifunga khanga, akachukua panga lake na kwenda kwa yeyote aliyemwita. Hakulipwa, wala hakutaka kulipwa, alitaka kuitwa. Panga lenyewe lilikuwa limenolewa miaka na miaka mpaka likabaki jembamba kama kisu cha jikoni, na mpini wake ulikuwa umeingia kishimo pale kinapokaa kidole gumba chake.

Panga moja, mashamba yote. Mama Jiki hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Mama," alianza, siku ile ya kikombe cha chai, "nilikuwa naomba, tukiingia shambani tuwe tunachovya panga kwenye ndoo ile ya mlangoni."

"Tukiingia akina nani?"

"Sisi sote, mama. Hata mimi nachovya."

"Wewe panga lako la juzi. Hili langu limemlisha mumeo tangu hana meno. Leo ndiyo limekuwa na maradhi?"

"Si panga, mama. Kuna vijidudu visivyoonekana, vinakaa kwenye ule utomvu, halafu panga likipita—"

"Visivyoonekana!" Bi Mkono aliwageukia kuku waliokuwa wanaparura uani. "Mmemsikia mwanangu? Ana macho ya kuona visivyoonekana, lakini chumvi iliyozidi kwenye mboga haioni."

Akanywa chai yake yote, akashukuru, akachukua panga na kuipita ndoo kama anayepita jiwe la njiani.

Mama Jiki akamgeukia mumewe. Fundi alikuwa mtu mzuri, asiyependa ugomvi, na watu wasiopenda ugomvi ndio wanaowaachia wenzao wagombane mpaka wakauke koo. Baada ya kusukumwa sana, alikubali kusema. Alisema wakati wa chakula cha mchana.

"Mama," alisema, macho kwenye sahani, "huyu anasema... yaani anaomba... ile ndoo."

"Ndoo imefanya nini?"

"Haijafanya kitu."

"Basi kula."

Fundi akala.

"Wewe unaunganisha chuma na chuma," Mama Jiki alimwambia walipobaki peke yao, "kuunganisha maneno mawili kumekushinda?"

"Mama watoto, mama ni mama. Nitafanyaje?"

"Mwambie alipitishe motoni basi, hapo karakana kwako. Jiki haitaki, sawa. Moto je?"

"Nilishamgusia. Amesema moto unaua makali. Na kwa hilo hajakosea, panga ukilichoma sana linakuwa laini."

Mama Jiki alitamani kupiga kelele. Kila aliyemwendea alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na chembe ya ukweli, na wakati wanahojiana mnyauko haukuwa unahoji chochote, ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Alikwenda kwa Mzee Kesho kuona kama ameng'oa. Alimkuta amekaa kwenye kigoda. Nyuma yake majani ya migomba yalikuwa yamevunjika na kuning'inia, njano tupu.

"Kesho, mke wa fundi. Leo kiuno."

Ndipo akaamua kufanya kimyakimya. Alfajiri, mkwe angali amelala, alilichukua panga lililokuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, akalichovya, akalisubiri kidogo, akalifuta na kulirudisha palepale, mpini umeelekea upande uleule. Kwa siku kadhaa alipata usingizi. Alijiona mjanja. Alisahau kwamba jiki na chuma hawapatani. Panga likaanza kutoa madoa ya kutu, madogo kama punje za ulezi, na likawa na harufu.

Siku hiyo Bi Mkono hakusubiri chai.

"Panga langu linanuka kama choo cha hospitali!" Alisimama katikati ya ua amelinyanyua juu. "Nani amelitia dawa?"

Fundi, aliyekuwa anatafuta funguo za karakana, aliziona ghafla na kutoweka.

"Ni mimi, mama," alisema Mama Jiki. "Nisamehe. Lakini ungenisikiliza tangu mwanzo nisingefikia huko. Nimekueleza, bwana shamba ameeleza, umeona kwa macho yako migomba ya Mzee Kesho ilivyo. Unataka nini zaidi? Mpaka na yangu ife ndiyo uamini?"

Maneno ya mwisho yalitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Bi Mkono alilishusha panga. Aliutazama ule ubapa wenye madoa, akajaribu kusugua doa moja kwa kidole, halikutoka. Aliposema tena alikuwa amepunguza sauti.

"Nisikilize, mwanangu. Kwa Mzee Kesho sitakata tena. Si ndiko kuliko na ugonjwa? Basi sitakwenda kumkatia mpaka huo ugonjwa wenu uishe. Lakini hiyo ndoo yako siichovyi, leo wala siku ya kufa kwangu. Umeridhika?"

Mwingine angeshukuru. Mwingine angejua kwamba mwanamke ambaye furaha yake yote ni kuitwa, akikubali kumkatalia mtu aliyemwita, ametoa kitu kikubwa. Mama Jiki hakukiona. Alikuwa amechoka na alikuwa anaitazama ndoo.

"Na kwa wengine je, mama? Tutajuaje nani mwingine anao? Bwana shamba amesema dalili zinachelewa—"

"Bwana shamba, bwana shamba," alisema Bi Mkono, akaingia ndani.

Usiku wote ule Mama Jiki aligeuka kitandani. Siku iliyofuata ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko yeye hutoka asubuhi na kurudi jua likiwa limeinama. Shamba lingebaki na mkwe peke yake, na majani makavu yalikuwa mengi, yanamwita. Kabla ya kutoka alipita jikoni, akalichukua lile panga, akaliingiza banda la kuku na kulisukuma nyuma ya magunia ya pumba. Kwa siku moja tu, alijiambia. Akirudi atalitoa, kisha wataongea vizuri. Akajitwika ndizi zake, na njiani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, aliimba.

Soko lilikuwa jema. Aliuza zote, akanunua sabuni, akamnunulia mkwe tumbaku ya kunusa, ile nzuri, akiwa na nia ya kuanza upya. Alipokaribia nyumbani alilitazama shamba lake akasimama.

Lilikuwa limependeza. Majani yote makavu yalikuwa chini, yamepangwa vizuri kuzunguka mashina. Machipukizi yaliyosongamana yalikuwa yameondolewa, yakabaki yale yanayostahili, kila shina na mtoto wake. Hewa ilikuwa inapita. Migomba ilionekana mirefu zaidi. Furaha ilimpanda kifuani kabla akili haijafika, na akili ilipofika, furaha ile ikageuka baridi.

Bi Mkono alikuwa amekaa kwenye kizingiti ananyoosha miguu, amechoka, uso umefunguka.

"Umeona, mwanangu? Shina kwa shina, shamba zima. Nilisema ukirudi ukute kazi imekwisha, moyo wako upoe."

"Mama," alisema Mama Jiki. Kikapu kilikuwa bado kichwani. "Umekata kwa panga gani?"

"Hiyo nayo ni hadithi. Langu limepotea. Nimelitafuta nyumba nzima, nimetafuta mpaka mvunguni. Nadhani ndiyo uzee, mtu anaweka kitu mahali na mahali penyewe panamtoka. Nikaenda kwa jirani wa juu, hayupo, nyumba imefungwa. Nikateremka kwa Mzee Kesho, yeye hakosekani, nikaazima lake." Alimwona mkwewe anavyomtazama, akaongeza haraka: "Mgomba wake sikuugusa hata mmoja. Alinibembeleza, nikamwambia nimeahidi nyumbani. Na panga nimelisuuza kisimani, nikalisugua na mchanga likang'aa."

Ilikuwa zamu ya Mama Jiki kusema. Alikuwa na maneno ya kutosha kuujaza ua ule, lakini kila neno alilolishika lilimrudia yeye. Aliishusha tumbaku kutoka kwenye kikapu, akampa mkwe wake kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama," alisema. "Umefanya kazi kubwa."

Kabla jua halijazama alikuwa shambani na ndoo yake, anapitisha kitambaa chenye jiki kwenye kila kidonda cha kila mgomba, mkono unamwasha. Alimpigia bwana shamba simu. Bwana shamba alisikiliza, akahema.

"Haitasaidia, mama. Ukishakata umeshakata. Sasa usiguse kitu, subiri uone."

Akasubiri. Kusubiri ugonjwa ni kazi mbaya kuliko kuuguza. Kila asubuhi alipita mstari kwa mstari, shingo juu, anachunguza majani mpaka macho yanatoa machozi. Jani likivunjwa na upepo, moyo unaruka. Jani likizeeka kwa uzee wake wa haki, moyo unaruka. Alikuwa mkali kwa watoto bila sababu. Fundi alimwambia labda wamebahatika, naye akamjibu jibu ambalo fundi hakustahili. Panga lilibaki nyuma ya magunia. Siku ya kwanza alishindwa kulitoa kwa hofu, siku ya pili kwa aibu, na baada ya hapo kulitoa kulikuwa sawa na kusimama uani na kutangaza. Bi Mkono aliendelea kulitafuta kidogokidogo, akiinua hiki na kile, kisha akaacha. Hakununua jingine. Walipokuja kumwita aliwaambia bado hajapata chombo.

Wiki zikapita. Mvua ikanyesha vizuri, na mikungu ikaanza kutoka. Siku moja, katikati ya shamba, kwenye mgomba ambao ulikuwa unabeba kuliko yote, Mama Jiki aliona jani la ndani kabisa limelegea, njano ya kuungua, kama limepita karibu na moto. Alijidanganya kwa siku mbili kwamba ni jua. Kisha likaja la pili, kwenye shina lingine, kisha mstari mzima. Bwana shamba alipokuja hakukaa hata chini. Alikata, usaha ukatoka, akafuta kisu chake kwa jiki na kusema kile alichokisema kule bondeni. Ing'olewe yote iliyoonyesha dalili, na mizizi, na isipandwe hapo tena kwa muda. Iliyobaki ni michache ya pembeni, na hiyo nayo wasiitegemee.

Bi Mkono alikuwa amesimama nyuma yao, anasikia yote.

Walichimba watatu. Fundi alifunga karakana siku hiyo. Kazi ya kung'oa mgomba haina utamu wowote: unachimba kuzunguka, unakata mizizi, unavuta, shina linaanguka kwa sauti nzito na mkungu wake mchanga unapasuka chini. Mama Jiki alikuwa ameyachimba mashimo yale kwa kuyatumaini, na sasa alikuwa anayachimba tena, na hasira ilikuwa inamjaa bila kupata mtu wa kumwangukia. Angempigia kelele mkwe, kwa haki gani? Mzee Kesho? Yeye aliazimisha tu panga alipoombwa, kama jirani yeyote.

Bi Mkono ndiye aliyechimba kuliko wote. Hakupumzika, hakunywa maji. Walipofikia ule mgomba wa katikati, aliweka jembe chini na kuutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kiganja na mgongo.

"Umekufa," alisema.

"Nini, mama?" aliuliza fundi.

"Mkono wangu. Nimeshika migomba ya watu maisha yangu yote na hakuna uliokufa. Hii niliyoishika kwa kumpenda mtu ndiyo imekufa yote. Waambie wasije kuniita tena."

Alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililomshinda Mama Jiki. Angelia, angembembeleza. Alijikuta ameshaanza kusema kabla hajaamua.

"Si mkono wako, mama. Panga lako halikupotea. Nililificha mimi. Siku ile ya soko. Niliogopa utakata nikiwa sipo. Lingekuwepo, usingeazima. Na lako lilikuwa salama, ulikuwa umeshaacha kwenda kule."

Fundi aliacha kuchimba. Kwa mara ya kwanza hakutafuta funguo zozote.

"Liko wapi?" aliuliza Bi Mkono.

"Banda la kuku. Nyuma ya pumba."

"Siku zote hizi."

"Siku zote hizi, mama."

Bi Mkono aliinama, akabandua udongo uliokuwa umeganda kwenye ubapa wa jembe lake, akautupa.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nilikuomba!" Sauti ilimtoka yote, ile aliyokuwa ameibana tangu siku ya soko. "Nilikuomba asubuhi, nilikuomba mchana, nilimtuma mwanao akuombe. Kila siku nilikuomba, mama!"

"Hukuniomba," alisema Bi Mkono. "Ulinifundisha. Ungeniambia unaogopa, ningelitupa mtoni."

Mama Jiki alitafuta, katika siku zote zile, mara moja ambayo alilitamka neno hilo mbele ya mkwe wake. Alikuwa amesema vijidudu, utomvu, dalili, bwana shamba. La kuogopa hakulisema.

Shina la katikati lilikuwa bado limesimama, limelegea upande mmoja. Bi Mkono alilizunguka, akachagua mahali, akapiga jembe la kwanza.

"Mizizi ya huu imekwenda mbali," alisema, hamtazami mtu. "Shika upande ule, mke wa mwanangu."

Tangu alipoolewa, Bi Mkono hakuwahi kumwita hivyo. Hata siku ya ugomvi alimwita mwanangu. Mama Jiki alikwenda upande ule, akashika jembe, wakaanza kuchimba.